Gitaa la Umeme la Mkangazi, Mninga na Mpingo: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Watengenezaji wa magitaa wa Ulaya na Marekani huziita mbao zetu adimu, na huzinunua kwa vipande vinavyopimwa kwa milimita. Kwetu mninga ni kitanda cha harusi, mkangazi ni mlango wa sebuleni na mpingo ni kinyago. Fundi wa Dar es Salaam, Morogoro au Mombasa anayetaka kujitengenezea gitaa la umeme anaanza basi akiwa na faida ambayo wenzake wa ng'ambo wanailipia.

Faida hiyo huwaponza wengi. Mtu ananunua ubao kwa kuvutiwa na rangi, anaukata kwa shepu anayoipenda, kisha vipimo anavipeleka kwa kukadiria. Gitaa linakamilika likiwa zuri la kutazama, ila tyuni haikai, na ukipanda freti za juu kila noti inapotoka.

Kwenye gitaa la umeme, mtikisiko wa nyuzi unanaswa na pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Kazi ya kwanza ya mbao ni kushikilia vipimo. Nyuzi sita za kawaida huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 45, usiku na mchana, na mbao haitakiwi kusogea hata kidogo. Ndiyo maana mwongozo huu unachagua kila mti kwa kazi yake, na unatumia muda mwingi kwenye mambo matatu: mstari wa katikati, urefu wa uzi, na kiungo cha shingo na mwili.

Tutatengeneza gitaa la mwili mgumu lenye shingo ya kufungwa kwa skrubu, muundo ambao Leo Fender aliuingiza sokoni mwaka 1950. Muundo huu unamfaa anayeanza kwa sababu shingo ikiharibika unachonga nyingine, mwili unabaki.

Hatua ya 1: Nunua vyuma kabla ya mbao

Mbao utaipata mtaani, vyuma huenda ukaviagiza kutoka mbali. Viwe mkononi kabla hujachora chochote, kwa sababu kila tundu la mbao linafuata kipimo cha chuma chake. Unahitaji:

- daraja lisilo na mkono wa kutikisia, lenye vitandiko sita vinavyosogea;
- vigingi sita vya kukazia nyuzi;
- nondo ya kurekebisha shingo, ya aina inayokaza pande zote mbili, urefu wa milimita 440 hadi 460;
- waya wa freti, karibu mita moja na nusu;
- pikapu mbili, swichi ya njia tatu, poti mbili (sauti na toni), kapasita moja na jeki;
- skrubu nne za shingo na bamba lake.

Kwa vifaa vya kazi: randa iliyonolewa vizuri, patasi, guni, msumeno wenye meno membamba, tupa za aina tatu au nne, drili, mashine ya rauta, klampu zisizopungua sita, rula ya chuma ya mita moja na venia. Kama huna rauta, azima au mlipe mwenye nayo akusaidie siku ya kuchimba mashimo. Patasi inaweza kuifanya kazi hiyo, ila sakafu ya shimo la shingo inataka unyoofu ambao mkono haufikii kirahisi.

Amua pia gitaa ni la nani. Mpiga solo anayeishi juu ya freti ya 12, kama ilivyo kwenye sebene, anahitaji mkato mpana chini ya shingo ili vidole vifike. Mpiga rizimu anajali zaidi uzito, kwa sababu anasimama nalo ukumbini usiku kucha.

Hatua ya 2: Chagua mbao kwa kazi yake

Anza na hesabu ya uzito. Mwili wa gitaa wenye unene wa mm 45 una ujazo wa karibu lita tatu na nusu hadi nne. Lita moja ya mkangazi mkavu ina uzito wa kama gramu 550, kwa hiyo mwili utakuwa na kilo mbili na kidogo. Mninga ni mzito zaidi kidogo, nao ungekupa karibu kilo mbili na nusu. Mpingo unazidi kilo moja na gramu 200 kwa lita, ndiyo maana huzama majini. Mwili wote wa mpingo ungefika kilo nne na nusu kabla hujaweka shingo wala chuma hata kimoja. Bega la mwanamuziki halistahili adhabu hiyo.

Mgao wetu ni huu:

*Mwili: mkangazi.* Ni mwepesi, unarandika, na ni ndugu wa karibu wa mahogani ambayo viwanda vikubwa vya magitaa vimeitumia miaka mingi. Tatizo lake ni mistari inayopishana: eneo moja inaelekea huku, jirani yake inaelekea kule, na randa butu itang'oa vipande.

*Shingo: mninga.* Sifa yake kubwa ni utulivu. Ukishakauka, haupanuki wala kusinyaa sana majira yanapobadilika, na hilo ndilo shingo inalolitaka kuliko yote. Tafuta ubao ambao mistari yake imenyooka toka mwanzo hadi mwisho, usio na fundo.

*Ubao wa vidole: mpingo.* Hapa ugumu wake una kazi. Nyuzi za chuma na kucha haviuchimbi, hauna haja ya rangi, na unang'aa kwa msasa peke yake. Unahitaji kipande cha mm 500 kwa 65 kwa 8 tu. Mti wa mpingo hukua umepinda na mara nyingi una uwazi ndani, hivyo kipande kirefu kilichonyooka si rahisi kukipata, lakini kirefu cha kiasi hiki kinapatikana. Waulize wachongaji wa vinyago, kwa mfano Mwenge jijini Dar es Salaam, au wenye viwanda vya kupasua mbao. Chukua kiini cheusi, uiache sehemu ya nje yenye rangi ya manjano iliyofifia.

Nunua kwa risiti, na muulize muuzaji nyaraka za mzigo wake. Tanzania mazao ya misitu yanasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na mbao inayosafirishwa inatakiwa kuwa na hati. Wilayani Kilwa kuna vijiji vinavyovuna mpingo katika misitu yao wenyewe chini ya cheti cha FSC, kilichopatikana kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Ukiweza kupata mbao ya namna hiyo, fedha yako inarudi kwa wanaoutunza msitu.

Hatua ya 3: Kausha, kisha ngoja

Mbao iliyotoka kupasuliwa ina maji, na maji yakitoka baada ya gitaa kukamilika, shingo inapinda na kiungo kinafunguka. Pakaza nta au rangi kwenye ncha za kila kipande ili zisipasuke, zipange kwa kutenganisha na vijiti ili hewa ipite katikati, ziweke kivulini ndani ya karakana ileile utakayofanyia kazi.

Kama huna kipima unyevu, tumia mizani. Pima kipande, andika uzito na tarehe kwa penseli juu ya mbao yenyewe, rudia kila wiki. Namba zikiacha kushuka na kubaki palepale wiki kadhaa mfululizo, mbao imelingana na hewa ya mahali pako. Mpingo huchelewa kuliko mingine, hivyo uanze nao mapema. Kumbuka pia kwamba hewa ya pwani ina unyevu mwingi kuliko ya Dodoma au Nairobi: gitaa lililotengenezwa Tanga likihamia bara litataka kurekebishwa shingo.

Hatua ya 4: Chora kwa ukubwa halisi

Chukua karatasi ndefu au kipande cha plaiwudi na uchore gitaa lote kwa vipimo vyake vyenyewe. Mstari wa kwanza ni wa katikati, toka kichwani hadi kitako. Kila kitu kitapimwa kutoka kwenye mstari huu: nusu ya shingo kulia, nusu kushoto, daraja katikati yake.

Urefu wa uzi, toka kizingiti cha juu hadi kwenye vitandiko vya daraja, uwe mm 648. Upana wa shingo kwenye kizingiti ni mm 42 au 43, na kwenye kisigino chake ni mm 56. Pima pia nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita kwenye daraja lako, ambayo kwa kawaida ni mm 52 hadi 54, na uchore njia za nyuzi hizo mbili hadi kizingitini. Hakikisha zinapita ndani ya kingo za shingo mpaka freti ya mwisho. Kama uzi unadondoka nje ya ukingo kwenye mchoro, utadondoka pia chini ya kidole.

Kutoka kwenye mchoro, kata violezo viwili vya MDF: cha mwili na cha shingo. Vilainishe kingo kwa msasa mpaka kidole kisihisi kigongo. Rauta itanakili kila kasoro ya kiolezo.

Hatua ya 5: Unga na kata mwili

Ubao wa mkangazi wenye upana wa mm 330 ni shida kuupata, kwa hiyo unga vipande viwili. Viweke uso kwa uso, ufunge pamoja kwenye jiriwa, na urande kingo zote mbili kwa wakati mmoja. Hata randa ikilala upande kidogo, kosa la ukingo huu litafidiwa na la ule, na vipande vikifunguliwa vitakutana sawasawa. Viinue kwenye mwanga: usione mwanya. Paka gundi ya mbao, bana kwa klampu tatu au nne, uache hadi kesho yake.

Randa ubao mzima hadi unene wa mm 45, chora mstari wa katikati juu ya kiungo, kisha fuata kiolezo. Kata kwa msumeno wa mkanda au jigso ukibakiza mm 2 au 3 nje ya mstari, halafu maliza kwa rauta yenye beringi inayotembea kwenye kiolezo. Kwenye kona za mkato, ambako mistari ya mkangazi inabadilika, kula kidogokidogo. Ukilazimisha, bamba zima litang'oka.

Mashimo ya pikapu na ya nyaya yasubiri. Yanapangwa baada ya shingo kukaa.

Hatua ya 6: Tengeneza shingo

Pasua ubao wa mninga vipande vitatu virefu vya mm 700, kigeuze cha katikati ili mistari yake ielekee kinyume cha wenzake, kisha viunganishe kwa gundi. Kipande kimoja kikitaka kupinda, viwili vingine vinakizuia. Kila upande wa kichwa ongeza kipande kama upana hautoshi kwa vigingi.

Randa mpaka unene wa mm 19. Kwenye kichwa shusha hadi mm 14 au 15, kulingana na urefu wa vigingi vyako. Kabla ya kukata umbo lolote, wakati kingo bado zimenyooka na rauta ina pa kuegemea, chimba mfereji wa nondo katikati kabisa: upana mm 6, kina mm 9, au kama nondo yako inavyodai. Nondo iingie kwa kusukumwa na kidole, isicheze.

Fanya hesabu hii sasa, usiifanye baadaye. Shingo iliyokamilika itakuwa na unene wa mm 21 kwenye freti ya kwanza. Toa mm 6 za ubao wa vidole, toa mm 9 za mfereji, unabaki na mm 6 tu za mninga nyuma ya nondo. Ukichimba mfereji mm 12 kwa bahati mbaya, siku ya kuchonga mgongo utakutana na chuma.

Hatua ya 7: Kata njia za freti

Hii ndiyo hatua inayoamua kama gitaa litaimba au litapayuka. Randa mpingo hadi mm 6, uwe bado bapa, na uunyooshe ukingo mmoja barabara kwa ajili ya guni.

Kanuni ni moja: gawa urefu wa uzi kwa 17.817 upate umbali wa freti ya kwanza, toa umbali huo kwenye urefu, gawa tena kinachobaki, na kuendelea. Kwa uzi wa mm 648, umbali wa kila freti kutoka kizingitini ni huu:

1: 36.4
2: 70.7
3: 103.1
4: 133.7
5: 162.5
6: 189.8
7: 215.5
8: 239.8
9: 262.7
10: 284.3
11: 304.7
12: 324.0
13: 342.2
14: 359.3
15: 375.5
16: 390.8
17: 405.3
18: 418.9
19: 431.8
20: 443.9
21: 455.3
22: 466.2

Freti ya 12 iko nusu kamili ya uzi, itumie kujihakiki. Namba zote zipimwe kutoka kizingitini, rula ikiwa imetulia mahali pamoja. Ukipima kutoka freti hadi freti, kosa dogo la kila hatua linajumlishwa, na ukifika ya 22 umepotea. Weka alama kwa ncha ya kisu badala ya penseli, kwa sababu meno ya msumeno hukaa ndani ya mkwaruzo wa kisu.

Msumeno ukate njia yenye upana wa karibu mm 0.6, uulinganishe na ulimi wa waya wako wa freti. Mpingo haunyumbuki. Njia ikiwa finyu, freti 22 zinazojisukuma ndani yake zitaipinda shingo kwa nyuma. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa: freti iingie kwa nyundo nyepesi na ikatae kutoka kwa kidole.

Vaa barakoa nzuri wakati wote wa kukata na kupiga msasa mpingo. Vumbi lake huwasha ngozi na kifua, na kuna watu ambao mwili wao huanza kulikataa baada ya kulizoea kwa muda mrefu.

Hatua ya 8: Gundisha ubao wa vidole na uchonge shingo

Mpingo una mafuta ya asili yanayoikataa gundi. Piga msasa upande wa chini, ufute kwa kitambaa chenye asetoni mpaka kitambaa kiache kutoka rangi nzito, na ugundishe mara tu asetoni inapokauka. Ziba mfereji wa nondo kwa utepe wa karatasi wakati unapaka gundi, uubandue kabla ya kufunga, ili gundi isiingie kwenye nyuzi za skrubu ya nondo. Misumari miwili midogo iliyopigwa ndani ya njia za freti, mmoja juu na mwingine chini, itazuia ubao usiteleze klampu zinapokaza.

Gundi ikikauka, kata shingo kwa kiolezo. Kisha upe ubao wa vidole mviringo mdogo kwa kibao cha msasa chenye mkunjo wa nusu kipenyo cha mm 305 au cha mm 241. Mkubwa unafaa solo, mdogo unafaa kodi za rizimu. Hakikisha njia za freti bado zina kina cha kutosha, na zizamishe tena kwa msumeno pale zilipopungua.

Piga freti sasa, wakati mgongo wa shingo bado bapa na unalala vizuri mezani. Kabla ya hapo pitisha tupa ya pembetatu juu ya mdomo wa kila njia, mara moja tu, ili freti ikae chini kabisa na siku ya kubadilishwa isibandue mpingo. Anza kupiga kingo mbili, malizia katikati. Kata ncha zinazozidi, zilaze kwa tupa.

Mgongo unachongwa mwisho, kwa tupa ya mbao na kisha msasa. Chonga kwanza kwenye freti ya 1 mpaka mm 21 na kwenye freti ya 12 mpaka mm 23, halafu unganisha sehemu hizo mbili. Shika shingo mara kwa mara kama unavyopiga, kwa sababu kiganja kinahisi kigongo ambacho jicho halikioni.

Hatua ya 9: Unganisha shingo na mwili

Shimo la shingo lina kina cha mm 16. Kisigino kina mm 25 (19 za mninga na 6 za mpingo), hivyo uso wa ubao wa vidole utasimama mm 9 juu ya mwili. Kabla ya kuchimba, linganisha na daraja lako: vitandiko vikiwa katikati ya safari yao ya kupanda na kushuka, nyuzi ziwe juu kidogo ya freti. Kama daraja ni refu, punguza kina cha shimo. Kama ni fupi, ongeza.

Chimba kwa kiolezo, upana ukiwa mm 56 kasoro unywele. Shingo iingie kwa kusukumwa, na ukiinua gitaa kwa kushika shingo kabla ya skrubu, mwili ufuate. Pengo la milimita moja hapa linakuwa kubwa zaidi ukifika kizingitini, na nyuzi zitaegemea upande mmoja.

Ukiwa na shingo mahali pake, funga uzi wa kushonea toka kigingi cha kwanza na cha sita hadi kitako cha gitaa, juu ya njia za nyuzi halisi. Sogeza mpaka nafasi ya kulia na ya kushoto kwenye freti ya mwisho zilingane. Hapo ndipo unatia alama ya daraja. Kitandiko cha uzi mwembamba kiwe mm 648 kutoka kizingitini, na cha uzi mnene kiweze kurudi nyuma mm 3 au 4 zaidi. Toboa matundu ya skrubu nne za shingo na ya daraja. Mninga na mkangazi vyote hupasuka ukilazimisha skrubu, kwa hiyo toboa kwanza na upake sabuni kwenye skrubu.

Sasa chimba mashimo ya pikapu, poti na swichi, na toboa njia ya nyaya kati yao. Usisahau tundu jembamba linalotoka chini ya daraja hadi kwenye poti.

Hatua ya 10: Pakaa

Mkangazi una vitundu vinavyomeza vanishi. Vijaze kwanza kwa kijazio cha mbao, piga msasa namba 220 kisha 320, ndipo upake vanishi au mafuta ya kitani katika tabaka nyembamba, moja likauke kabla ya jingine. Mgongo wa shingo upake mafuta peke yake, kwani vanishi nzito hunata kwenye kiganja kinachotoka jasho. Mpingo hauna haja ya kitu: msasa mwembamba, kisha tone la mafuta na kitambaa.

Vitambaa vilivyoloa mafuta ya kitani vinaweza kuwaka vyenyewe vikikunjwa na kutupwa pipani. Vitandaze nje vikauke, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Hatua ya 11: Nyaya

Pikapu zenye koili moja zinataka poti za kiloomu 250. Zenye koili mbili zinataka za kiloomu 500. Kapasita ya toni iwe ya mikrofaradi 0.047 kwa za kwanza, 0.022 kwa za pili. Funika ndani ya mashimo kwa karatasi ya shaba yenye gundi, uiunganishe na mgongo wa poti, ili mngurumo wa taa na jenereta usiingie kwenye spika. Lehemu pia waya wa kutoka chini ya daraja hadi mgongo huohuo wa poti. Usipouunganisha, gitaa litanguruma, na mngurumo hautapungua hata mpigaji anaposhika nyuzi.

Kabla ya kuweka nyuzi, chomeka kwenye amplifaya na ugonge kila pikapu polepole kwa bisibisi. Swichi ikionyesha pikapu sahihi kwa kila nafasi, funga kifuniko.

Hatua ya 12: Kizingiti, nyuzi na marekebisho

Kizingiti chenye ubora hakina haja ya kuagizwa. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, uliochemshwa ukaondolewa mafuta na uboho, ukakaushwa vizuri, unakatika kwa msumeno wa chuma na unashika uzi kuliko plastiki. Nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa sita iwe mm 35 hadi 36.

Weka nyuzi na upandishe tyuni, kisha fuata mpangilio huu bila kuuruka:

*Shingo.* Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja. Chini yake, karibu na freti ya 7, ibaki nafasi ya kupitisha kipande cha uzi mwembamba kabisa wa seti namba 10, ambao una unene wa mm 0.25. Kama nafasi ni kubwa, kaza nondo kwa robo mzunguko, uache gitaa litulie, upime tena.

*Kimo.* Kwenye freti ya 12 uzi mwembamba uwe mm 1.6 juu ya freti, mnene mm 2.0. Kukiwa na freti inayogonga, paka vichwa vya freti zote kwa kalamu ya wino mzito, pitisha kibao kilichonyooka chenye msasa mwembamba mpaka kila kichwa kipoteze wino kidogo, kisha urudishie mviringo wake kwa tupa.

*Ulinganifu wa noti.* Gusa uzi juu ya freti ya 12 upate mlio wa kengele, halafu bonyeza freti ileile upige tena. Tyuna ikisema noti iliyobonyezwa iko juu, rudisha kitandiko nyuma. Ikiwa chini, kilete mbele. Zikilingana kwenye nyuzi zote sita, kazi yako ya hatua ya 7 imethibitishwa.

Likitoka nje ya nchi

Mpingo, pamoja na karibu jamii yake yote, umo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES tangu 2017. Mwaka 2019 wanachama waliviondolea masharti vyombo vya muziki vilivyokamilika, hivyo mwanamuziki anayesafiri na gitaa lake hasumbuki kama zamani. Mkangazi na mninga viliingizwa kwenye orodha hiyo kwa uamuzi wa mkutano wa 2022, kwa upande wa magogo, mbao na mbao zilizochakatwa. Ukitaka kumtumia rafiki wa ng'ambo kipande cha mbao, hilo ni jambo la kibali. Hifadhi risiti zako pamoja na mchoro wa gitaa.

Hifadhi na violezo, uviandikie vipimo vyote kwa kalamu. Gitaa la pili litoke kwenye violezo hivyohivyo, na hapo ndipo unaweza kuanza kujaribu: mwili wa mvule badala ya mkangazi, au shingo ya mtiki. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Vipimo vikiwa vilevile na pikapu zilezile, tofauti yoyote utakayoisikia utajua imetoka kwenye mti gani.